Vituo vinne, daftari moja: shajara ya kutembeleana

Wiki ya 1

Tumeanza na ugomvi wa jina. Kwenye karatasi ya mradi niliandika "tathmini ya wenza", na wakunga wawili wakaangua kicheko kabla sijamaliza kusoma. "Wenza? Wallahi wewe umetuita hapa tutathminiane kama wake wenza?" Kikao kikaharibika kwa muda, kila mtu na kisa chake cha uke wenza. Tukajaribu "tathmini rika", ikaonekana ya watoto wa skuli. "Ukaguzi" ulikataliwa na wote, maana mkaguzi hapa kwetu ni mtu anayekuja na gari na kalamu nyekundu. Mwisho mzee mmoja, mtoa dawa wa kituo cha pwani, akauliza: si tunatembeleana tu, kama watu wanavyotembeleana Sikukuu? Basi, jina likawa Kutembeleana.

Kwa atakayesoma bila kuwemo: ni vituo vitano vya afya vya msingi, vyote vya serikali, kaskazini ya Pemba. Watumishi wa kimoja wanakwenda kutazama kazi ya kingine kwa siku moja na nusu, wanaandika walichokiona, wanazungumza na wenyeji, wanaondoka. Baada ya wiki kadhaa wanarudi kuona kama kuna kilichobadilika. Tumekubaliana majina halisi ya vituo yasiandikwe popote, hata humu. Kila kimoja tumekiita kwa alama iliyo karibu na mlango wake: Mwembe, Pwani, Mkarafuu, Barabarani na Msikitini. Mimi nilikuwa mtunza kumbukumbu wa Barabarani kwa miaka 11 kabla ya kupewa uratibu huu. Nasema mapema, mtu asidhani natazama nikiwa juu ya mnazi.

Suala la posho lilikuja mwishoni, kama kawaida yake, watu wakiwa wameshashika viatu. Jibu ni nauli na chakula cha mchana, hakuna zaidi. Msikitini walisema watatujibu.

Wiki ya 2

Msikitini wametujibu. Hawamo. Tumebaki vituo vinne.

Kikao cha pili kilikuwa cha kueleza jambo hili limetoka wapi, kwa sababu kuna aliyedhani nimelizua mwenyewe. Niliwaambia kwamba nchi tajiri zinazotoa misaada zimekuwa zikichunguzana kupitia jumuiya yao ya kiuchumi, OECD, tangu mwaka 1962. Kila mwanachama anapofikiwa na zamu, wachunguzi wake hutoka katika nchi nyengine mbili zinazotoa misaada kama yeye. Afrika nayo ilianzisha mpango wake wa nchi kutathminiana katika utawala bora, APRM, mwaka 2003. Tanzania ikajiunga 2004, na ripoti yake ikajadiliwa na viongozi wenzake Addis Ababa Januari 2013.

Hayo waliyasikiliza kwa adabu. Kilichowaamsha ni habari ya mitambo ya nyuklia. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, waendeshaji wa mitambo hiyo duniani waliunda jumuiya yao, WANO, mwaka 1989, na moja ya kazi zake kubwa ni kupeleka wataalamu wa mtambo mmoja wakautazame mwengine. "Yaani watu wa nyuklia wanaingia hadi jikoni kwa wenzao," alisema mkunga wa Mwembe, "na sisi tunaona haya kufunguliana kabati la dawa?"

Kisha tukaamua tutazame nini, na hapo nilisisitiza tuwe na jambo moja tu. Wilaya inakuja na orodha ya kukagulia yenye kurasa nyingi, kuanzia jokofu la chanjo hadi choo, na kazi hiyo ina wenyewe. Sisi tutafuata safari ya mama mjamzito katika hudhurio lake la kwanza, toka anapoingia getini mpaka anapotoka: kuandikishwa, uzito, presha, mkojo, damu kwa ajili ya wekundu wa damu, kaswende, VVU na malaria, kurudi kwa mkunga, vidonge vya kuongeza damu. Sababu yangu ilikuwa hii: tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linataka mama ahudhurie mara nane badala ya nne, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Ukimweka mtu tangu saa 1 hadi saa 7 siku ya kwanza, hizo saba zilizobaki utazipata wapi?

Wiki ya 4

Ziara ya kwanza. Mwembe walikwenda Mkarafuu kwa gari la abiria la njia ya 602, mvua ya masika imegoma kwisha, tukashuka tumelowa hadi soksi.

Wenyeji walipika. Hilo lilikuwa kosa langu, nilipaswa kulikataza. Ukishakula wali wa nazi na changu wa mtu, na pilipili ya mbilimbi pembeni, ulimi unapata adabu ambayo mradi hauihitaji. Wageni walizunguka, wakauliza, wakatikisa vichwa. Jioni kila mmoja alipewa nafasi ya kusema alichokiona, na haya ndiyo niliyoyapata kwenye daftari: "Hongereni." "Kazi nzuri katika mazingira magumu." "Mmejitahidi sana." "Tumejifunza mengi." Nilipouliza wamejifunza nini, mmoja akasema usafi.

Njiani kurudi nilikaa na muuguzi mwanamme aliyekuwemo kwenye timu. Nikamuuliza kwa nini hakutaja kwamba wajawazito watatu waliondoka bila kupimwa damu, nilimwona akiwatazama. Akanyamaza kidogo, akasema: "Ndugu yangu, mke wa mkuu wa kituo ni shangazi yake mke wangu. Harusi ya mwanawe ni wiki ijayo. Nitasema nini?"

Muhali: kuona haya kumuudhi mtu unayejuana naye. Watu wa miradi hukaa wakaandika kuhusu uwezo, rasilimali na motisha, na sijaona hata mmoja akiandika kuhusu muhali, nao ndio unaotawala kisiwa hiki. Tunajuana mno. Na juu ya kujuana, Mkarafuu ndio waliopangiwa kwenda Mwembe baada ya wiki mbili, kwa hiyo kila mmoja alikuwa ananunua salama yake: nisitiri leo, nami nitakusitiri kesho.

Wiki ya 5

Hatukwenda popote. Tumekaa siku mbili tukitengeneza upya, na nadhani hizi ndizo siku mbili zenye thamani kuliko zote mpaka sasa.

Kwanza, tumevunja mtindo wa vituo viwili kubadilishana. Sasa ni mnyororo: Mwembe wanakwenda Pwani, Pwani wanakwenda Mkarafuu, Mkarafuu wanakwenda Barabarani, Barabarani wanakwenda Mwembe. Unayemtazama siye atakayekutazama. Fadhila haina njia ya kurudi.

Pili, sifa ni marufuku na lawama ni marufuku. Karatasi ina safu tatu tu: saa, nilichokiona, na kwetu tunafanyaje. Huandiki "huduma inachelewa". Unaandika "saa 1:20 mama ameingia, saa 3:05 ameitwa". Mtu mwenye muhali hawezi kukutazama machoni akakwambia wewe mzembe, ila saa ya ukutani anaweza kuisoma.

Safu ya tatu ilileta mabishano. Mtoa dawa wa Pwani aliona ni kujisifu kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia inaweza kuwa kujisifu na inaweza kuwa kukiri, kwa sababu mara nyengine utalazimika kuandika "kwetu vilevile" au "kwetu ni kubaya zaidi". Mwisho alikubali kwa hoja yake mwenyewe, akitaja hadithi ya Mtume kwamba muumini ni kioo cha muumini mwenziwe. Kioo hakikusifu wala hakikutukani, alisema, kinakuonesha tu kilemba kimekaa upande.

Tatu, hakuna kupika. Mihogo ya kuchemsha na chai, mwisho.

Wiki ya 7

Mwembe wako Pwani. Naandika kwa urefu, maana leo jambo limetokea.

Timu ya watu watatu ilijigawa. Mmoja alikaa chini ya mti getini tangu alfajiri akihesabu wanaoingia, mmoja alimfuata mama mmoja kila alikokwenda (kwa ruhusa yake, na nje ya chumba cha kupimwa), mmoja alikaa kimya kwenye chumba cha mkunga. Mama aliyefuatwa aliingia saa 1:20. Aliitwa saa 3:05. Alipimwa uzito na presha, akapelekwa maabara, akakuta foleni, akasubiri majibu, akarudishwa kwa mkunga, akakuta foleni nyengine, ileile aliyoanza nayo asubuhi, akiwa wa mwisho wake. Alitoka saa 7:10. Mtoto wake mdogo aliyekuja naye alilala sakafuni mara mbili.

Jioni, karatasi zikasomwa. Mkuu wa kituo alisikiliza vizuri, kisha akasema sentensi ambayo sote tunaijua kwa moyo: "Tuko wawili tu, na maabara yupo mmoja."

Mkunga wa Mwembe akajibu, kwa upole, karibu kwa kunong'ona: "Dada, na sisi tuko wawili. Na maabara wetu anakuja siku tatu kwa wiki."

Kimya. Ungeweza kusikia kunguru juu ya bati.

Mkaguzi akiambiwa "hatuna watu" anaandika "upungufu wa watumishi" na kurudi zake mjini Chake Chake. Sentensi hiyo imejaa kwenye mafaili yetu, nami nimeyapanga mafaili hayo kwa mikono yangu. Mwenzako ana upungufu uleule. Anajua ugumu wa kweli unaishia wapi na kisingizio kinaanzia wapi, kwa sababu yeye mwenyewe wiki iliyopita alikuwa akikitumia. Hilo ndilo tulilolifuata katika mradi huu wote.

Halafu akaeleza wanavyofanya kwao. Mama akishaandikishwa tu anapelekwa maabara kwanza, kabla ya mkunga. Wakati majibu yanaiva anapimwa uzito na presha. Akifika kwa mkunga, majibu yapo mezani, anakaa mara moja, anamaliza. Na rejista ya kliniki iliyopita inafungwa siku ileile mchana. Pwani walikuwa wakiijaza asubuhi ya kliniki inayofuata, na hiyo ndiyo ile saa moja na dakika 45 ya mama kukaa kwenye benchi bila kuitwa.

Hakuna shilingi ndani ya hayo. Mkuu wa Pwani alikaa akichora mishale nyuma ya karatasi, kisha akauliza: "Na yule asiyetaka kutolewa damu kabla hajaongea na mkunga?" Swali zuri. Hata Mwembe hawakuwa na jibu lililonyooka; walisema wana muuguzi anayezungumza na wote kwa pamoja kwanza, na mara nyengine haitoshi. Limeandikwa kwenye safu ya tatu: "kwetu bado".

Wiki ya 8

Nimeharibu. Jana usiku nilikuwa napanga picha za ziara, nikatuma moja kwenye kundi la WhatsApp. Picha ya sinki la chumba cha kujifungulia. Nilidhani ni kundi la timu ya watu wanne. Lilikuwa kundi la watumishi wote, na humo wamo watu wa wilaya. Niliifuta, lakini tayari palikuwa na alama za buluu.

Kituo kimenuna, na wana haki. Leo nimekwenda mwenyewe, bila daftari. Nilikaribishwa chai na mkate wa kumimina, na kwa muda mrefu tulizungumza habari za bei ya dagaa. Mkuu wa kituo alisema mwishoni: "Ulituahidi majina hayataandikwa. Sinki letu kila mtu analijua." Nikaomba radhi. Kuanzia leo hakuna picha, ya kitu wala ya mtu.

Wiki ya 10

Pwani wako Mkarafuu. Karafuu zimeiva, majamvi yametandazwa barabarani, gari linapita kwa kubembeleza.

Kuanzia saa 4 kituo kilikuwa na mtumishi mmoja. Kila mtu ana mikarafuu yake miwili mitatu ya urithi, na wachumaji wanalipwa kwa pishi, kwa hiyo lazima mwenyewe awepo kupima. Wajawazito nao hawakuja. Wako barazani wanachambua hadi usiku. Kliniki ni Jumanne na Alhamisi asubuhi mwaka mzima, na kitabu kinaonesha mahudhurio yanavyoporomoka kila msimu na kupanda baadaye, wanawake wakija na miezi sita tumboni.

Nilitarajia wageni wataandika kuhusu watumishi kutokuwepo. Waliandika, pamoja na saa. Lakini mtoa dawa wa Pwani aliuliza jambo ambalo halikuwa akilini mwangu kabisa. "Nyinyi mna msimu mmoja kwa mwaka. Sisi tuna bamvua mara mbili kwa mwezi." Wanawake wa kwao wanalima mwani. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, yanapokupwa sana, na kwetu huwa ni katikati ya asubuhi, hakuna mwanamke aliyebaki nyumbani. Miaka iliyopita walikuwa wanakaa kituoni peke yao wakilalamika kwamba jamii haina mwamko. Kisha wakaanza kutazama mwezi: kliniki ya wajawazito inapangwa siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, na tarehe zinatangazwa mapema kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani.

"Kwa hiyo," alisema, "kwa nini msimu huu kliniki yenu isiwe alasiri, jua likipungua, kabla karafuu hazijarudi kutoka shamba?"

Walikubaliana kujaribu siku moja kwa wiki. Kuhusu watumishi kuondoka, mkuu wa Mkarafuu alisema atapanga zamu iliyoandikwa na kubandikwa. Sina imani sana na hilo. Tutaona.

Liko pia la dawa. Vidonge vya kuongeza damu vilikuwa vimekwisha, na kwa wenzao vilevile. Hapa mwenzako hakusaidii kitu. Tumeanza ukurasa wa nyuma wa daftari, "ya juu", kwa mambo ambayo vituo vyote vinne vimethibitisha kwamba hayamo mikononi mwao. Ukurasa huo una mistari michache kuliko nilivyodhani, na kwa sababu hiyo nadhani utasomwa.

Wiki ya 11

Barabarani walikwenda Mwembe. Ziara fupi, nzuri. Mwembe wamechukua namna ya kuwaita wateja kwa kadi za namba, na wamegundua kwamba chumba chao cha ushauri kinasikika hadi nje.

Siku hiyohiyo nimeitwa na bwana mmoja wa ngazi za juu. Amefurahishwa na mradi. Anataka jedwali: kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, na cheti kwa mshindi. Nilimweleza kwamba siku tutakapotoa nafasi ya kwanza, siku hiyo karatasi zitarudi kuandika "hongereni". Akasema bila ushindani watu hawajitumi. Tukabishana kwa heshima. Nimempa ukurasa wa "ya juu" na kumwomba aanze na huo, jedwali lingoje. Aliupokea, hakuahidi kitu.

Wiki ya 13

Mwembe wamerudi Pwani. Mama waliyemfuata safari hii aliingia saa 1:30, akatoka saa 4:15. Maabara kwanza, imeshika. Rejista kufungwa mchana, imeshika kwa wiki tatu, kisha mtumishi aliyekuwa akiisimamia akapata uhamisho kwenda Mkoani na mwenziwe akarudia njia ya zamani. Hakuna aliyemfundisha, kila mmoja alidhani mwengine amemwambia. Mkunga wa Mwembe alikaa naye mchana ule hadi kitabu kikafungwa.

Wiki ya 15

Mkarafuu wako Barabarani. Kwetu. Sikuwa na sababu ya kuwemo, nilijipa sababu.

Safari ya mama ilikwenda vizuri hadi chumba cha kumbukumbu. Alikuwa amepoteza kadi yake, na faili letu linatafutwa kwa namba ya kadi. Bila namba, unatafuta kwa jina kwenye daftari kubwa, na kwa majina yetu utawakuta kina Asha Hamad Ali wanane. Muuguzi wa Mkarafuu alisimama mlangoni na saa yake. Dakika 25. Mwishowe kijana aliyechukua nafasi yangu alifanya kile nilichomfundisha mwenyewe: akafungua faili jipya.

"Ana mafaili mangapi humu huyu mama?" aliuliza muuguzi. Hakuna aliyejua.

Jioni karatasi ikasomwa. Safu ya tatu ilisema: "Kwetu tunapanga kwa shehia, kisha kwa nyumba." Nikaona mkono wangu umenyooka kabla sijafikiri. Nikasema kwamba hapa Barabarani watu wanatoka shehia saba, kwamba kupanga hivyo kunataka makabati, na makabati tumeyaomba tangu enzi zangu.

Muuguzi wa Mkarafuu hakuniangalia mimi. Aliangalia karatasi yake. "Hata sisi hatuna makabati," alisema. "Tunatumia maboksi ya dripu."

Kesho Jumamosi. Nimemwambia kijana wa kumbukumbu nitafika saa 2, na kwamba stoo ya dawa wanatuwekea maboksi saba.